Namba ya Strong si maana ya neno: uzi maalumu wa kuchimba maneno ya Kiebrania kwenye Maandiko

Karani Mkaidi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Siku hizi mahubiri hayapiti bila "kwa Kiebrania neno hili lina maana ya..." Mhubiri anagusa neno kwenye simu, inachomoza namba, chini ya namba kuna maana saba, anachukua iliyonoga zaidi na watu wanaitikia amina. Sina ugomvi na Kiebrania kutajwa madhabahuni. Ugomvi wangu ni hii tabia ya kuigeuza kamusi kuwa ghala ambalo kila mtu anaingia na kutoka na anachokitaka.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. James Strong alikuwa Mmarekani, na itifaki yake (wengine mnaiita konkodansi) ilitoka mwaka 1890. Lengo lake lilikuwa kumsaidia msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya King James apate kila mahali neno fulani lilipo, na ajue neno la asili lililo nyuma yake. Maneno ya Kiebrania na Kiaramu akayapa namba, kuanzia 1 hadi 8674. Sasa ile orodha ndefu inayofunga kila namba, ambayo watu wanaisoma kama ndiyo maana, ni orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo wafasiri wa hiyo King James ya 1611 waliyatumia hapa na pale kulitafsiri neno hilo. Basi. Inakuonyesha wafasiri walifanya nini katika mistari tofauti. Haikupi ruhusa ya kuokota tafsiri ya mstari mmoja na kuipandikiza katika mwingine.

Chukua namba 5162, *nakham*. Mwanzo 6:6, Biblia yetu ya Union inasema BWANA "akaghairi". Isaya 40:1 inasema "Watulizeni mioyo". Namba ni ileile. Kwa hiyo anatokea mtu anasema kabla ya gharika Mungu alijituliza moyo. Kwa nini namba moja ibebe mambo mawili yaliyo mbali hivyo? Kwa sababu Strong alihesabu kitenzi bila kutenganisha kauli zake, na Kiebrania kinanyambua vitenzi.

Hapa sisi wasema Kiswahili tuna mtaji ambao hatuutumii. Lipa, lipia, lipisha, lipiza: mzizi mmoja, lakini hakuna atakayechanganya kulipia karo na kulipiza kisasi. Kiebrania cha Biblia kina kauli kuu saba: kal, nifal, piel, pual, hifil, hofal, hitpael. *Lamad* katika kal ni kujifunza, katika piel (*limed*) ni kufundisha. *Shav* ni kurudi, *heshiv* katika hifil ni kurudisha. Kitenzi cha Isaya 40:1 kiko katika piel, nacho ni kufariji. Cha Mwanzo 6:6 kiko katika nifal, nacho ni kughairi au kusikitika.

Ila msikimbie na kanuni hiyo pia. Nifal hiyohiyo inatumika kwa Isaka alipofarijika baada ya kifo cha mama yake (Mwanzo 24:67). Na kuna 1 Samweli 15, sura ambayo kila anayependa kamusi inabidi ikae naye kidogo. Mstari wa 11 Mungu anaghairi kumfanya Sauli mfalme. Mstari wa 29 Samweli anasema Mungu si mwanadamu hata aghairi. Mstari wa 35, ameghairi tena. Kitenzi kilekile, kauli ileile, ndani ya sura moja. Aliyeandika hakusahau alichoandika mistari michache nyuma. Hapo kamusi imemaliza kazi yake, kilichobaki ni kuisoma hadithi: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini.

Neno la pili ni *ruakh*. Wengi tunajua ni "roho". Fungua Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu. Mstari wa 5 Mungu anatia "pumzi", mstari wa 9 nabii anaambiwa autabirie "upepo", mstari wa 14 Mungu anatia "roho yangu". Kwa Kiebrania yote ni *ruakh*. Mfasiri amelazimika kuchagua maneno matatu kwa sababu Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo, na naona amechagua vizuri, ingawa msomaji amekosa kuona kwamba sura nzima inalizungusha neno moja. Na Mwanzo 3:8, ile "wakati wa jua kupunga", nyuma yake kuna *ruakh ya mchana*, kile kiupepo cha jioni. Hakuna anayesema Mungu alitembea bustanini "katika roho ya mchana", ingawa kwa mtindo wa kuokota-okota ingewezekana kabisa.

La tatu, *nefesh*. Mwanzo 2:7 mtu akawa "nafsi hai". Watu wamejenga mafundisho mazima hapo kuhusu kitu kisichoonekana ndani ya mwili. Lakini Mwanzo 1:20 viumbe vya majini navyo ni *nefesh* hai. Hesabu 6:6 *nefesh* iliyokufa ni maiti. Isaya 5:14 kuzimu kimepanua *nefesh* yake, na sambamba na hilo kimefunua kinywa. Union imeweka "tamaa", lakini picha ni ya koo. Rudi sasa kwenye Zaburi 69:1, maji yamefika mpaka kwenye *nefesh*: mtu anayezama, maji yako kooni. Neno limesafiri kutoka koo, hadi pumzi inayopita kooni, hadi uhai, hadi mtu mwenyewe. Si kwamba kila linapotokea linabeba safari yote.

Hilo la mwisho alilipigia kelele Mskoti James Barr mwaka 1961, akiwakosoa wanatheolojia wenzake: huwezi kurundika maana zote za neno mahali pamoja, wala huwezi kulazimisha maana ya mzizi ionekane katika kila tawi. Mfano unaosumbua sana mitandaoni ni *barakh*, kubariki. Goti ni *berekh*, konsonanti zilezile, na Zaburi 95:6 kitenzi hicho kweli ni kupiga magoti. Basi watu wanafundisha kwamba Mungu anapokubariki anakupigia magoti. Someni Hesabu 6:24 na mnitafutie goti.

Karibuni, mnipinge kwa mistari.

Chumvi Kidogo

Madini haya. Naweka kambi hapa.

Mtumishi Msafiri

Mkuu Karani, heshima yako. Ila naona umeacha kitu kizito. Herufi za Kiebrania zenyewe ni picha. Alef ni ng'ombe dume, alama ya nguvu. Bet ni nyumba. Ukiziweka pamoja unapata *av*, baba: nguvu ya nyumba. Huo si ubahatishaji, ni ufunuo uliofichwa ndani ya herufi. Strong hawezi kukupa hilo.

Karani Mkaidi

Mtumishi, karibu. Kweli herufi zilianzia kwenye picha, na majina yao yanakumbusha hivyo. Lakini alfabeti ilikuwa uvumbuzi mkubwa kwa sababu iliachana na picha: herufi ikawa sauti. Watu walimwita baba *av* kwa vinywa vyao kabla hawajajua kuandika. Waarabu wanasema *ab*, Waaramu *abba*. Maneno hayakusubiri herufi ndiyo yazaliwe.

Na huo mchezo una tabia moja: unafanya kazi pale unapopenda tu. Jaribu *oyev*, adui. Ina alef na bet pia, na yod katikati. Nguvu, mkono, nyumba. Je, adui ni mkono wenye nguvu wa nyumba? Ungeanza na picha bila kujua maana, usingefika kwa adui hata kwa mwaka.

Mtumishi Msafiri

Hilo la adui nitalitafakari. Bado siamini kuwa ni bahati tu.

Binti Sarufi

Kaka Karani, mimi nilisoma Kiarabu tangu utotoni, niongeze hapa. Wengi wetu tunaviona Kiebrania na Kiarabu kama ndugu na ni kweli: *shalom* na salama, *nefesh* na nafsi, *ruakh* na roho, *malakh* na malaika, *navi* na nabii, *hokhma* na hekima, *dam* na damu. Kiswahili kimebeba haya kupitia Kiarabu, ndiyo maana msomaji wetu akikutana na Kiebrania anasikia sauti za nyumbani.

Lakini ndugu hawafanani tabia. *Lekhem* kwa Kiebrania ni mkate, *lahm* kwa Kiarabu ni nyama. Na hili ndilo nililotaka kuleta: *hesed*, lile neno la Zaburi 136, "fadhili zake ni za milele", linarudiwa mistari yote 26. Konsonanti zake kwa Kiarabu ni h-s-d, ambako tumepata husuda na hasidi! Mtu wa mizizi akiingia hapo atatuambia husuda za Mungu ni za milele.

Karani Mkaidi

Dada, umenifurahisha. Na kuna cha kuongeza: Kiebrania chenyewe kina *hesed* nyingine, yenye maana ya aibu. Mambo ya Walawi 20:17, kaka anapomtwaa dada yake, tendo hilo linaitwa *hesed*. Na Mithali 14:34, dhambi ni *hesed* ya mataifa. Herufi zilezile, matamshi yaleyale. Hesed ya wema iko karibu mara 250, ya aibu utaihesabu kwa vidole. Kinachozitenganisha ni sentensi tu.

Kuhusu shalom nanyi mtazame 2 Samweli 11:7. Uria ametoka vitani, Daudi anamuuliza *shalom* ya Yoabu, *shalom* ya watu, na *shalom* ya vita. Amani ya vita? Anauliza hali: Yoabu hajambo, watu hawajambo, vita vinaendaje. Huyu mfalme anauliza habari za hali huku anapanga la kwake. Neno ni la kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio unaofanya tukio liwe baya zaidi.

Jicho Kali

Naona mnakwepa mambo makubwa. Ezekieli 1:4 kwa Kiebrania kuna neno *hashmal*. Ingieni kwenye programu yoyote ya tafsiri: hashmal ni UMEME. Nabii aliona chombo cha umeme miaka zaidi ya 2500 iliyopita na tumefichwa.

Karani Mkaidi

Hakuna aliyeficha, mkuu. Hashmal ni umeme kwa Kiebrania cha leo. Katika Biblia neno liko Ezekieli peke yake. Wafasiri wa Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kiyunani, waliliita *elektron*, yaani kaharabu, au ule mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Karne nyingi baadaye Wazungu walipotafuta jina la umeme walichukua hilo hilo *elektron*, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Kisha waliofufua Kiebrania katika karne ya 19 wakahitaji neno la umeme, wakaangalia Septuaginta ilitafsiri nini kuwa *elektron*, wakarudi na hashmal. Kwa hiyo umeme ulipewa jina kutoka kwa Ezekieli. Ezekieli hakupewa maono kutoka kwa shirika la umeme.

Binti Sarufi

Kwa Kiarabu umeme ni *kahrabaa*, na asili yake ni Kiajemi, hiyohiyo kaharabu. Union nayo imeweka "rangi ya kaharabu" katika Ezekieli 1:4. Jicho Kali, ukitaka, unaweza kudai hata Union iliona umeme 😄

Jicho Kali

Sawa, mmeshinda raundi hii.

Mama wa Maswali

Nimesikia *ruakh* ni neno la kike, kwa hiyo Roho Mtakatifu ni mama. Ni kweli?

Karani Mkaidi

Ni la kike kisarufi mara nyingi, ndiyo. Ila mama yangu, hata mkono, mji na nchi ni vya kike kwa Kiebrania. Hiyo ni ngeli, sio jinsia. Sisi tunalijua hili kuliko wengi. Mwanzo 1:2, "Roho ya Mungu ikatulia". Yohana 16:13, "huyo Roho wa kweli, atawaongoza". Ngeli mbili, na hakuna aliyejenga dhehebu juu ya I na A.

Mzee wa Pembeni

Uzi mzuri vijana. Nanyi mkijua hivyo, hamuwezi kuikwepa Isaya 7:14. *Alma* ni bikira au si bikira? Nimeona watu wakitukanana kwa hilo.

Karani Mkaidi

Mzee shikamoo. Nitajibu lile ninaloweza kulionyesha kwa mistari, kisha niwaachie wengine ya imani.

*Alma* ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Anaitwa hivyo Rebeka kisimani (Mwanzo 24:43) na dada yake Musa (Kutoka 2:8). Neno halitamki ubikira, wala halitamki kinyume chake. Wanaosema "angetaka bikira angesema *betula*" nao wana kazi, maana Yoeli 1:8 *betula* anamlilia mume wa ujana wake. Septuaginta, iliyotafsiriwa na Wayahudi kabla ya Kristo, iliweka *parthenos*, bikira, katika Isaya 7:14, na Mathayo 1:23 akanukuu hivyo. Kwa hiyo anayesema Wakristo ndio waliobuni neno bikira pale hajaangalia tarehe. Na anayesema Kiebrania peke yake kinathibitisha ubikira anakibebesha zaidi ya kinachosema. Mabishano yenyewe ni juu ya namna Mathayo anavyomsoma Isaya, na hayo hayakai ndani ya neno moja.

Mzee wa Pembeni

Marahaba. Umejibu kama mtu anayeogopa kupigwa na pande zote mbili, lakini umejibu.

Ndege Mgeni

Wakuu, mimi sijui hata herufi moja ya Kiebrania. Nianzie wapi nisije nikawa kama hao mliowasema?

Karani Mkaidi

Ndugu, herufi ni 22, hazitakushinda, jifunze kuzisoma hata kama hutajifunza sarufi yote. Namba za Strong zitumie kwa kazi moja, kutafuta mahali pote neno lilipo. STEP Bible ni ya bure na inafanya hivyo vizuri; Sefaria nayo ni ya bure, ina matini ya Kiebrania pamoja na wafafanuzi wa Kiyahudi. Neno lako likitokea mara thelathini, soma mara zote thelathini, tena aya nzima, ndipo ufungue kamusi. Ukianza na kamusi utaona kile tu kamusi ilichokuambia. Ukifika kwenye kamusi, ya Brown, Driver na Briggs ya 1906 inapanga maana kwa kauli, kal, hifil na kadhalika. Strong hafanyi hivyo.

Mambo madogo yatakayokuchanganya. Namba za mistari hazilingani: Zaburi 69:1 yetu ni 69:2 kwenye Biblia ya Kiebrania, Yoeli wao ana sura nne na Malaki ana tatu. Danieli kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7 ni Kiaramu, si Kiebrania, na Ezra ana vipande vyake. Na kuna maneno yaliyotokea mara moja tu, kama *gofer*, mti wa safina katika Mwanzo 6:14. Union imeandika mvinje. Ni makisio ya heshima, usijenge somo juu ya mvinje.

Binti Sarufi

Umesahau irabu, kaka. Ndege Mgeni, maandishi ya kale yalikuwa konsonanti karibu tupu. Vile vidoti unavyoviona viliwekwa na Wamasoreti, wanakili wa Kiyahudi, karne nyingi baadaye, na matini ya programu nyingi inatoka kwenye Kodeksi ya Leningrad, nakala ya mkono ya mwaka 1008. Mara nyingi walihifadhi usomaji wa zamani sana, lakini linganisha Mwanzo 47:31 na Waebrania 11:21. Kule Yakobo anainama penye kichwa cha kitanda, huku anaegemea fimbo. Kitanda ni *mitta*, fimbo ni *matte*. Konsonanti zilezile, m-t-h. Septuaginta ilisoma fimbo, Wamasoreti wakasoma kitanda.

Chumvi Kidogo

Nimesoma Biblia maisha yangu yote na sijawahi kuona hilo la kitanda na fimbo.

Ndege Mgeni

Nimerudi. Nimechukua *hesed* katika Ruthu kwa sababu kitabu ni kifupi. Nimeipata 1:8, 2:20 na 3:10. Ya kwanza Naomi anawaombea wakwe zake, ya tatu Boazi anamsifu Ruthu. Hiyo ya kati imenikwamisha. Naomi anasema abarikiwe na BWANA yeye ambaye hakuacha hesed yake kwa walio hai na waliokufa. Ambaye nani? BWANA au Boazi?

Karani Mkaidi

Umelifikia swali ambalo wafafanuzi bado wanagombea. *Asher*, "ambaye", inaweza kumrudia yeyote kati ya wawili hao. Upande wa BWANA una hoja nzuri: Mwanzo 24:27 mtumishi wa Abrahamu anatumia maneno karibu yaleyale, na pale ni Mungu bila shaka.

Binti Sarufi

Upande wa Boazi nao upo. Katika 1:8 hesed imetendwa na wakwe, katika 3:10 imetendwa na Ruthu. Wanadamu ndio wanaoitenda katika kitabu hiki. Na kuitenda kwa waliokufa, ndicho Boazi anachokuja kufanya sura ya 4, kuliinua jina la marehemu.

Mtumishi Msafiri

Mimi nipo upande wa Binti Sarufi. Na sikutumia picha hata moja.